Siku Nyumba Yangu Ilipodondokea Kwenye Samadi

Bora niseme mwenyewe, maana nikinyamaza mtaisikia kwa Bhoke, na Bhoke akianza kusimulia lazima aigize, kwa hiyo acheni niaibike kwa mdomo wangu.

Mimi mnanijua. Shule niliiacha darasa la sita, nikachimba dhahabu, nikachunga ng'ombe wa watu, nikauza samaki, na sasa nina pikapu chakavu ya kubeba ndizi kutoka Tarime kwenda Serengeti. Kulala nalala popote giza linaponikuta. Shida ilikuja nilipompenda Bhoke wa Nyambureti, kwa sababu baba yake, Mzee Mwita, hakuniuliza habari za ng'ombe wala kazi, aliniuliza tu, "Mura," yaani kijana, "kwako ni wapi, tuje tuone?" Kwao mahari haizungumzwi mpaka shangazi wa binti akague mahali mtoto wao atakapolala. Na mimi sikuwa na hata banda la kuku.

Ndipo pale Bomani, mjini Tarime, kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, nikaliona hema la juu ya gari, lile la watalii, unalifunua kama sanduku na ndani kuna godoro, madirisha na ngazi yake. Lilikuwa limetolewa kwenye gari bovu. Nikalizunguka, nikalifungua na kulifunga mpaka fundi akachoka, nikambadilishia na jenereta yangu. Niliwaza hivi: kama wakwe wanataka kuona kwangu, basi kwangu kutawafuata mpaka mlangoni!

Fundi akatengeneza keria ya chuma juu ya bodi, nzuri kabisa, ila tulipoliweka hema juu, matundu yake na ya keria yalipishana kama upana wa kidole.

"Niachie mpaka Jumatatu," akasema, "nitoboe upya, tupige boliti nene na vibati chini."

Lakini Nyambureti nilikuwa nasubiriwa Jumamosi, na Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo. Nikatoa mipira yangu, ile inayokatwa kwenye tyubu za tairi, nikaizungusha na kuikaza kwa goti. Nikamwambia, "Kwa mipira hii nimefunga ndizi, nimefunga vitanda, nimefunga mpaka ng'ombe mgonjwa, na hakuna kilichowahi kudondoka."

Akaniangalia. "Ndizi hazilaliwi, kaka."

Nikaondoka. Nilivuka Mto Mara vizuri, na Kenyamonta nilisimama nikalitikisa hema, likagoma kusogea, nikajisifu peke yangu. Mama mmoja wa karanga akauliza, "Pole, unasafirisha marehemu?" Nikamjibu, "Hapana mama, hii ni nyumba!" (Sikufikiria kabisa kwamba jua lile lilikuwa linaipika mipira yangu na mashimo ya barabarani yanailegeza, na baada ya Kenyamonta sikusimama tena kuangalia.)

Nyambureti nikakuta watu wamejaa. Mzee Mwita yuko kwenye kiti, na pembeni yake shangazi Ghati, dada yake, mwanamke wa mwili na sauti, ndiye mkaguzi. Mama mkwe alikuwa amesimama mbali, kwenye mlango wa jiko, kanipa mgongo. Sio dharau. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani, maneno yanapitia kwa mtu mwingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mura. Tumesikia umekuja na boma lako."

Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Nikaegesha kando ya zizi, nikalifunua hema upande wa zizi, nusu ikalala juu ya keria, nusu ikaning'inia hewani, imeshikiliwa na ngazi, na ngazi yenyewe nikaisimamisha kwenye udongo uliolainishwa na mikojo ya ng'ombe. Nikapanda, nikavua viatu, nikajilaza kwenye godoro, kichwa nje ya dirisha, natabasamu kama mtu wa kwenye kalenda.

"Shuka huko nione mwenyewe," akasema shangazi. "Mtoto wetu atalala hewani kama kanga mtini?"

"Shangazi, ngoja kwanza nifunge—"

Alikuwa ameshaweka mguu. Ngazi ikazama. Nikasikia mpira mmoja, pwaa! Kisha wa pili. Shangazi akaruka pembeni kwa wepesi ambao hakuna aliyeutegemea, na nyumba yangu ikaanza kuteleza polepole, kwa adabu, kama inayoomba njia, halafu ikajimwaga na mimi ndani yake juu ya lundo la samadi.

Sikuumia. Afadhali ningeumia, wangenihurumia. Suruali (niliiazima kwa rafiki) ilinasa kwenye chuma cha ngazi ikachanika kuanzia kiunoni mpaka gotini, na mimi nimefungwa ndani ya turubai, miguu nje, ng'ombe wananinusa nyayo. Mzee Mwita alikuwa ameshika mbavu, hawezi kusema. Aliyenisaidia ni mama mkwe, bila kugeuka.

"Bhoke," akasema akiutazama ukuta wa jiko, "mwambie mgeni asivute mguu, atachana kilichobaki. Atangulize kichwa."

"Mama anasema utangulize kichwa," akasema Bhoke, na machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Mwambie mama nimesikia," nikajibu kutoka ndani ya turubai.

"Bhoke, mpelekee shuka. Na ninyi wanaume mnaocheka, mshikeni."

Wakanitoa. Nikasimama mbele ya ukoo mzima nimejifunga shuka la mama mkwe, nanuka zizi, nikasema moyoni, basi, Bhoke ameshanipotea. Shangazi Ghati alilizunguka lile lundo, akaligusa hema kwa fimbo.

"Mimi hapa sijaona nyumba," akasema.

Mzee Mwita aliacha kucheka. Ndipo ile sauti ikatoka tena mlangoni pa jiko.

"Bhoke, mwambie shangazi yako kwamba mtu aliyebeba nyumba kutoka Tarime mpaka hapa hakosi nguvu za kujenga. Na mwambie mgeni, nyingine aiweke chini."

Mzee akatazama mgongo wa mkewe, akamtazama dada yake, akasema, "Tutakuja kuona mavuno yakiisha."

Walikuja. Nilikuwa nimejenga vyumba viwili, Kenyamonta, msingi wa mawe. Shangazi aliusukuma ukuta kwa bega kabla ya kuingia. Hema bado ninalo, limepigwa boliti na vibati, na njiani nasimama kulikagua kila nikimaliza kipande kibovu cha barabara. Mpira ni wa ndizi tu, nimeapa. Lakini haisaidii, maana nikifika Nyambureti na Bhoke, kabla sijazima gari, nasikia kutoka jikoni: "Bhoke, muulize mumeo kama amekaza."