Mama Mkwe Ndani ya Turubai

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa juu ya ngazi huko Mwera, keni ya kumwagilia bustani mkononi, nikimwagia maji turubai ambalo nyuma yake alikuwa amelala mama mkwe wangu.

Ukisikia hivyo utadhani nilikuwa nimerukwa na akili. Subiri, nitakueleza taratibu, maana jambo lenyewe lilikwenda taratibu, na kila nikilikumbuka hunijia kama kitu kilichotokea chini ya maji.

Mimi na mke wangu, Mwanahawa, tulikuwa bado wageni katika ndoa. Tuliishi Ngamiani, Tanga mjini, na kazi yetu ilikuwa moja: gari la kulala. Lilikuwa basi dogo lenye jiko, sinki na kitanda. Ukifungua vishikio viwili na kusukuma juu, paa lake hunyanyuka, likabaki limesimama juu ya kuta za turubai la rangi ya majani mabichi, na huko juu ukapata kitanda cha pili. Tulilikodisha kwa watu wanaopenda kuzunguka pwani na kulala popote usingizi unapowakuta. Paa hilo lilijengwa na gereji moja ya Dar es Salaam, na waranti yake, ile dhamana ya kutengenezewa bure, ilikuwa bado hai.

Mwanahawa alipokuwa mzito wa mimba ya kwanza alirudi kwao Mwera, jirani na Pangani, ajifungulie kwa mama yake, kama ilivyo kawaida yetu. Nilimfuata na gari. Nyumba ya mama mkwe, Bi Tatu, ni ndogo, na mkwe mwanamume hajibanzi humo. Basi niliegesha uani, karibu na kisima, nikalala kwenye gari. Mchana nilikaribia barazani kwa adabu, nikaamkia, nikala, nikatoka. Bi Tatu nami tulizungumza kwa namna ya wakwe: macho chini, maneno machache, na mengi yakipitia kwa Mwanahawa. Sikuona tatizo. Mtoto wangu angezaliwa ndani ya nyumba ile, na nilichotaka ni kuweza kuingia na kutoka kwa amani.

Mvua ya kwanza ilinikuta nimelala juu. Sijui kama umewahi kulala nyuma ya turubai mvua ikinyesha. Kuta zinapumua. Sauti haitoki mahali pamoja, inakuzunguka pande zote, mpaka unasahau upande ulikoelekeza kichwa. Nilikuwa ninaelea hivyo, nusu usingizini, tone likaniangukia kwenye paji la uso. Kisha jingine. Nikaota kwamba mtu ananigusa kwa kidole aniulize jambo. Kulipokucha mto ulikuwa umeloa.

Nilichukua karatasi ya waranti nikaisoma yote. Mimi shule sikukaa sana, na nilichojua kuhusu magari nilikipata kwenye vijitabu, ukurasa mmoja nikiurudia mpaka unielewe nami niuelewe. Labda ndiyo maana niliziamini karatasi kuliko kawaida. Kisha nikampigia Deo, fundi aliyelijenga paa. Mtandao ulikuwa dhaifu, nikaiweka simu dirishani mwa gari na kufungua spika.

"Hilo si kuvuja, kaka," Deo alisema. "Hilo ni jasho. Watu wakilala humo madirisha yamefungwa, pumzi inapanda, inagusa turubai, inageuka maji. Mnalala wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Na shemeji?"

"Yuko ndani, kwa mama yake."

"Basi kaka, unapumua sana."

Barazani, Bi Tatu aliyekuwa akichagua mchele alikohoa kikohozi kisichotoka kifuani. Nilitamani kisima kinimeze. Deo akaendelea, sasa kwa sauti ya kazi: jasho halimo kwenye waranti, mshono mbovu umo. Ikiwa nina hakika ni mshono, nimtumie ushahidi. "Na usipake kitu," akasema. "Usishone, usitie gundi. Ukigusa tu, waranti imekufa, na mimi siwezi kuifufua."

Alasiri ile Bi Tatu alivuka ua akinijia mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Mkononi alikuwa na kopo na kitambaa. Lilikuwa kopo la mafuta ya papa, yale wanayopaka mbao za mashua zisinywe maji. Alikuwa ameyaagiza Pangani asubuhi ile ile. Majirani wawili waliokuja kuteka maji walisimama watazame.

"Paka haya kwenye mishono," alisema, akitazama tairi. "Halitavuja tena."

Nilijua yangeharibu turubai. Nilijua pia harufu yake. Gari lingekusanya paka wote wa Mwera. Lakini sikusema hata hayo. Nilichofanya ni kuchukua karatasi kwenye kiti cha dereva na kumsomea. Nilimsomea kifungu kizima, kwa utulivu, neno kwa neno, mpaka penye marufuku ya kupaka dawa, rangi au mafuta ya aina yoyote. Nilipomaliza nikaikunja karatasi.

"Haya," alisema Bi Tatu. Akageuka na kopo lake.

Mmoja wa majirani akacheka. "Bi Tatu, leo umesomewa hukumu!"

Tangu hapo, mwanangu, ua ule ukawa mrefu. Chakula kililetwa kimefunikwa vizuri, cha moto, lakini kiliwekwa juu ya jiwe la kisimani na aliyekileta akaenda zake. Nikitoa shikamoo, marahaba yake ilikwenda ukutani. Hakunitukana, hakuninyima kitu. Alinitendea kama mpangaji. Nilikuwa nikikaa kwenye ngazi ya gari jioni, nikiutazama mlango wa nyumba ile na taa yake ya njano, na ukawa unaonekana mbali, kama mlango wa nyumba iliyo ng'ambo ya mto.

Mwanahawa alikuja kukaa nami, mkono kiunoni.

"Ulimsomea mama karatasi?"

"Nilimweleza."

"Ulimsomea. Mbele ya watu. Mtoto huyu atazaliwa chumbani kwake. Utakuja kumtazama ukiwa umesimama wapi? Kisimani?"

Sitajisifu kwamba nilipata hekima. Nilichopata ni shida nyingine. Nilimtumia Deo picha za mto ulioloa, akajibu kwamba mto hausemi maji yametoka wapi. Alitaka video: paa limenyanyuliwa, madirisha ya turubai yako wazi ili pumzi itoke, hakuna aliyelala huko juu usiku wa jana, maji yanamwagwa kutoka nje, na mtu yuko ndani anaonyesha yanapoingilia. Mmoja nje, mmoja ndani. Mwanahawa kwa hali yake hakuweza kupanda. Majirani sikuwaamini na simu yangu. Alibaki mtu mmoja.

Nilimtuma Mwanahawa amwombe. Akakataa. "Nenda mwenyewe," akasema.

Nikaenda mpaka ukingoni mwa baraza, nikachuchumaa. "Mama, nina kazi imenishinda. Nahitaji macho yako."

Bi Tatu aliendelea kupepeta. Alipepeta mpaka ungo ukawa safi. Kisha akauliza, "Huko juu kunapandwa vipi?"

Kitanda anacholalia mkwe wako si mahali pa kulala wewe, hilo unalijua. Kwa hiyo nilishusha godoro, nikafuta mbao, nikatandika mkeka mpya ambao haukuwahi kulaliwa. Usiku ule nililala kiti cha mbele. Asubuhi Bi Tatu alipanda polepole, kanga imefungwa vizuri, na kichwa chake kilipotokeza juu akasema, "Kumbe mnalala kama popo." Mwanahawa, akiwa amesimama chini, alimwonyesha namna ya kushika simu, kisha akatoka garini akae kivulini. Mimi nikapanda ngazi ya nje na keni yangu.

Sasa tulikuwa hivyo: mimi nje, yeye ndani, kati yetu kitambaa. Jua lilikuwa limetoka baada ya mawingu ya alfajiri, na lilipita kwenye turubai likawa kijani, nami niliona kivuli chake tu, kimelala, kimetulia kama mtu aliye chini ya mnazi wa zamani anaoujua peke yake. Nikaanza kumwaga. Maji yaliteremka kwenye kitambaa kwa sauti ndogo.

"Kuna mwanga mzuri humu," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuja karibu sana, kana kwamba turubai ndilo linalosema. "Marehemu alipokuwa akitengeneza mashua, mvua ikija tulijifunika tanga bovu, yeye na mimi. Mwanga ulikuwa hivi hivi. Ila haukuwa kijani."

Nikaendelea kumwaga.

"Yeye alikuwa akiziba nyufa, mimi ninapaka mafuta. Miaka yote. Tangu afe hakuna aliyeniuliza kitu chochote kuhusu chombo. Nikasikia gari lako linavuja. Mungu anisamehe, nilifurahi."

Mkono wangu ulisimama, maji yakakatika.

"Mwaga, mwaga," akasema. "Nasema nawe kwa sababu sikuoni. Kunikatalia mafuta si kosa. Gari ni lako, na masharti umeyasoma wewe. Mafuta yangu yanafaa mbao, na hiki ni kitambaa, nimekigusa, nimeona. Ungeniambia hivyo ningekuelewa. Lakini ulikwenda kuchukua karatasi, ukaiinua hapa," na kivuli cha mkono wake kikapanda mbele ya uso wake, "ukasema na karatasi. Mimi nimesimama na kopo. Ulipomaliza hukuniambia hata, basi mama, tufanyeje. Nilirudi na mikono yangu kama nilivyokuja nayo. Unajua uwanja huu una urefu gani kwa mtu anayerudi hivyo?"

"Sasa najua, mama," nilisema. Nilishukuru kwamba na yeye hanioni.

"Haya. Sogea kulia kidogo, huku hakuna kitu."

Nikasogea. Niliyamwaga kwenye kona ya nyuma, pale ukuta wa pembeni unaposhonwa na wa nyuma. Kivuli kikainuka ghafla.

"Tone hili hapa! Limetokea kwenye mshono, chini ya kona. Linajaa, linajaa, limeanguka. Jingine hilo!" Halafu, kwa sauti kubwa, akiielekezea simu: "Wewe Deo, unasikia? Madirisha yote wazi, nimelala peke yangu, nimekauka kama makopa ya muhogo. Haya niambie, jasho la nani hili?"

Kutoka kivulini Mwanahawa alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikacheka, ngazi ikayumba, na nusu ya maji yakanimwagikia mwenyewe. Ndani ya turubai nako kulikuwa na kicheko, chembamba, cha msichana.

Nilituma ile video nzima, sikujua kuikata. Jioni Deo akapiga. Alikuwa mpole. "Kaka, nimetazama yote. Mshono ni wetu, tutaleta turubai jipya na kulifunga wenyewe. Hayo mengine nimeyasikia kwa bahati mbaya. Msalimie mama. Mwambie jasho nimelifuta."

Waliliweka turubai jipya kabla ya mwezi kuandama. Mwanahawa alijifungua siku ya mvua kubwa, nami nilikuwa nimesimama uani kama wanaume wanavyosimama, sijui nifanye nini na mikono yangu. Mlango ukafunguliwa, na Bi Tatu akatokeza. Hakutazama tairi wala ukuta. Alinitazama mimi. "Ingia," alisema, "uje umshike, mimi nimechoka." Hakuwa amechoka.

Basi mwanangu, shika haya. Kitu kikiwa na masharti, yasome, na usikiguse mpaka umeuliza. Ukidai haki yako, idai kwa ushahidi na kwa upole, na hata aliyekukatalia mwanzo atapata njia ya kukukubalia. Lakini mkubwa wako akija na msaada usiofaa, kataa ule msaada kwa kinywa chako, si kwa karatasi, na papo hapo mtafutie sehemu katika kazi. Mwulize anaona nini. Mwombe ashike upande wa pili. Usimwache avuke ua akirudi peke yake. Mimi niliyajua haya kwa sababu fundi alitaka video. Wewe yajue mapema.

Mwenyezi Mungu akupe rizki ya halali na usingizi mkavu. Akupe wazee wa kukukosoa ungali unawasikia, na siku mlango wa kwao utakapofunguliwa, anayeambiwa "Ingia" awe wewe. Amin.