Biti Alizosafisha Mume Wangu

Mume wangu, fundi wa nakshi, alipoanza kutetemeka mikono, tuliuza shamba letu la Kililana tukanunua mashine ya kuchongea milango, ile inayoongozwa na kompyuta. Nilijidanganya kwamba yeye atachora maua, mimi nitaiendesha, na maisha yataendelea vile vile. Kuchora nako kukamshinda. Ikabaki kazi moja tu: kusafisha biti, yale makali madogo yanayozunguka na kukata mbao.

Aliifanya kama ibada. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliziloweka kwenye mafuta ya taa, akausugua utomvu ulioganda kwa mswaki mkuukuu, akazikausha na kuzipaka mafuta zisiliwe na kutu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma.

Kisha zikaanza kumponyoka. Biti hizi ni ngumu kwelikweli, lakini zikianguka sakafuni zinamegeka kama sahani. Nilikuwa nazisikia kutoka jikoni. Ningemwambia nini mtu ambaye nusu ya milango ya mtaa wetu ni kazi ya mkono wake?

Badala yake nikawa nahangaika na mashine. Mbambakofi ni mti mgumu, hautaki uoga. Biti ikizunguka kwa kasi huku ikisonga polepole, haikati. Inasugua tu, inapata moto na mbao inaungua. Nilipunguza mzunguko, nikapunguza kina, nikapitisha mara kadhaa pale pa kupitisha mara moja. Upuuzi mtupu. Hakuna mpangilio wa kuiponya biti iliyomegeka, nami nilijua.

Mlango wa hoteli moja ya Ras Kitau ulirudishwa. Mume wangu aliulaza mezani, akapitisha kidole gumba juu ya maua, taratibu, akifuata kila mkato. Ndani ya kila mkato palikuwa na mchirizi ule ule.

"Biti imevundika makali," akasema. "Nani aliyeiangusha?"

"Mimi."

Akautazama mkono wangu uliotulia mezani, kisha akautazama wake. Nilitamani wangu nao utetemeke, hata kidogo. Akafunika kopo la mafuta ya taa, akalisukuma upande wangu, akaenda kukaa barazani.

Niliichukia mashine, nikajichukia mwenyewe, nikaichukia hata mbao. Tangu siku ile biti nazisafisha mimi. Haianguki hata moja.