Juisi ya Kaka Yangu

Kaka yangu aliacha pombe baada ya daktari kumwambia kwamba ini lake limechoka, achague pombe au uhai. Ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, anaishi mtaa wa Makina jijini, na tangu tukiwa watoto Machakos sikuwa nimewahi kumwona akiogopa kitu. Siku hiyo aliogopa. Alinipigia simu akiwa bado kwenye benchi la kliniki, akasema amemaliza na chupa.

Kilichomsumbua zaidi hakikuwa kiu, bali Jumamosi. Marafiki zake, wengi wao mafundi kama yeye, walikutana mchana kwenye baa moja mtaa wa Kisumu Ndogo, karibu na kwake, kutazama mpira, na hakuwa na watu wengine. Nikamwambia aendelee kwenda, ila abebe juisi yangu. Wakati huo nilikuwa natengeneza juisi ya pasheni ya kuuza katika chumba nilichokodi Kawangware. Ilikuwa tamu kupita kiasi, na vichupa vyake vya plastiki vilikuwa na katuni ya tunda lenye miguu, linacheka. Watoto wa shule waliipenda sana.

Jumamosi moja nilimpelekea vichupa vingine pale baa, nikamkuta nyuma, karibu na choo, anabandua lebo kwa ukucha. Hata hakujaribu kuficha. Alisema wenzake hawamcheki kwa ubaya, lakini kila akiweka kile kichupa mezani lazima mmoja amuulize kama mama yake anajua yuko hapo.

"Juisi yako ni poa," akaniambia. "Lakini mimi ni mtu mzima. Siwezi kaa na wazee wenzangu nikishika kitu kinanichekea."

Nilirudi Kawangware nikiona aibu. Nilikuwa nimempa ushauri bila kufikiria angeonekanaje akiufuata.

Wiki hiyo nilianza upya. Nilipunguza sukari, nikaongeza tangawizi na ukwaju. Juisi ya sufuria ya kwanza ilikuwa kali mno, nikaimwaga. Ya pili kaka alionja akasema ni dawa ya kikohozi. Ya tatu aliinywa polepole, na huo upolepole ndio niliokuwa nautafuta. Mtoto hupiga juisi kwa pumzi moja akarudi kucheza. Mtu mzima anataka kitu cha kukaa nacho, kipindi cha kwanza chote ikiwezekana. Nikanunua chupa za kioo za kahawia na vizibo vya chuma. Katuni nikaitoa, nikabakisha jina na orodha ya matunda kwa herufi ndogo nyeusi.

Mama mwenye baa alikubali kuziweka kwenye friji pamoja na bia. Jumamosi hiyo kaka alikaa na chupa yake mezani na hakuna aliyemuuliza chochote. Walibishana tu juu ya refa. Kabla ya mechi kwisha, rafiki yake mmoja mwenye pikipiki ya abiria aliagiza ya kwake.

Nilidhani mambo yameisha. Kisha mama yetu akaja kututembelea kutoka Machakos. Alifika kwa kaka asubuhi, kaka akiwa kazini, akafunguliwa na jirani aliyeachiwa ufunguo. Akanipigia simu.

"Kaka yako amerudia," akasema. "Chupa ziko chini ya meza."

Nilimweleza ni juisi. Hakuniamini. Nilielewa kwa nini. Miaka yote kaka alipokuwa akinywa, mimi ndiye niliyekuwa namwambia mama kwamba ana malaria, kwamba ana kazi nyingi, kwamba simu yake imeharibika. Sasa nilikuwa nasema kweli na haikuwa na uzito wowote.

Nilichukua chupa moja, nikapanda pikipiki hadi Makina. Nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, kitambaa bado kichwani, mkoba mapajani kama mtu anayeondoka. Nikafungua chupa mbele yake. Aliinusa kwanza, jinsi alivyokuwa akinusa mashati ya kaka. Akaonja kidogo, akaonja tena.

"Haya ni matunda," akasema.

"Ni matunda, Mama."

"Na zile za chini ya meza?"

"Ni hii hii."

Aliinama akaziokota moja moja, akazinusa zote. Kisha akaweka mkoba sakafuni, akavua kitambaa, akafuta macho nacho. Nikakaa chini palepale, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikuwa na uongo wowote wa kukumbuka mbele yake.

Kaka aliporudi jioni alimkuta anapika. Mama alimshika mashavu kwa mikono miwili, kisha akamwambia anawe mikono. Baadaye aliniagiza niandike "haina pombe" kwa herufi ambazo hata yeye angeziona bila miwani, na nilifanya hivyo. Chupa aliimaliza yote, akalalamika kwamba tangawizi imezidi.