Maji ya Mzunguko wa Tatu

Wenzake walimwita Saa, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya meza ileile ya vigae vyeupe, aproni ya mpira kifuani, glavu hadi viwikoni, akipika mabaki ya pamba kwenye asidi. Dakika arobaini na tano, basi. Ukipunguza, pamba inabaki pamba; ukizidisha, inaungua na kuwa kahawia. Saa hakuhitaji kutazama ukutani. Dakika zikitimia alijua tu, na ndoo ya maji baridi ilikuwa tayari mkononi.

Alichokuwa akitafuta ni fuwele za selulosi, chembe ndogo mno zilizojificha ndani ya pamba. Ukizikausha polepole kwenye sahani, zinajipanga zenyewe na kuwa utando mwembamba, mgumu, unaometa kijani na buluu bila kutiwa tone la rangi. Kiwanda kimoja cha sabuni kiliutaka utando huo kwa kufungia bidhaa zake, kiachane na plastiki. Ndiyo maana chumba kipya kilijengwa upande wa pili wa ua, na ndiyo maana Saa alikuwa halali wala hali vizuri: chumba kingehitaji msimamizi.

Kingekuwa chake bila ubishi, kama si wifi yake.

Na aliyemleta wifi ni nani? Ni yeye mwenyewe! Kaka yake alipooa, Saa alimshika bibi harusi mkono akamwingiza maabara aoshe vyombo. Miaka mitatu tu, mkuu wa maabara akifungua mlango swali lake la kwanza ni, "Wifi yuko wapi?" Hata yeye anamwita Wifi, utadhani jengo zima limeoa. Mwanamke ana mikono, hilo Saa hakuweza kulikataa. Sahani alizozikausha yeye zilitoka na rangi za kupendeza. Za Saa zilitoka safi, imara, na baridi kama kioo cha dirisha.

Lakini kilichomtia kijiba cha roho hasa ni nyumbani. Mama yake mzazi alibandika kipande cha utando wa wifi dirishani, jua lipite. "Njoo uone, mwanangu, kazi ya mke wa kaka yako!" Miaka kumi na tisa, na hapakuwa na kipande hata kimoja cha Saa kwenye dirisha lile.

Kitu kimoja wifi hakukijua, na hakukijua kwa sababu Saa hakutaka akijue. Asidi ikishapozwa, mchanganyiko huzungushwa kwenye mashine, mashapo yakae chini, maji ya juu yamwagwe, yaongezwe mengine. Mara mbili za kwanza maji ni maangavu, ni asidi tu, yanamwagwa. Mara ya tatu yanatoka na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Hapo humwagi! Ukungu ule ndio fuwele zenyewe zimeanza kuelea. Kila mzunguko wa tatu ulipokaribia, Saa alisema, "Wifi, hebu katuletee barafu." Akirudi na ndoo, anakuta kazi imekwisha.

Siku ya Jumanne asubuhi mkuu akatangaza kwamba Saa na wifi kila mmoja atengeneze utando wake, tangu pamba hadi sahani, peke yake. Atakayetoa mzuri zaidi atapewa ufunguo wa chumba kipya.

Walifanya kazi meza kwa meza. Saa alikwishatenga maji yake ya tatu kwenye chupa wakati mashine ya wifi iliposimama kwa mara ya tatu. Wifi akatoa chombo, akakiinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa na ukungu. Akakunja uso, akasogea kwenye sinki, kisha akasita na kugeuka. Macho yao yakakutana.

Neno moja tu lilihitajika. Acha. Lilimfika Saa kwenye ulimi kabisa. Akaliona dirisha la mama yake, akalimeza.

Wifi akamwaga. Saa alisikia maji yakigugumia bombani na moyo ukamruka kwa furaha, furaha mbaya, na aliijua kuwa mbaya.

Siku tano baadaye sahani zilikauka. Ya Saa ilitoa utando mzima, imara, usio na mapambo. Ya wifi ilikuwa na magamba machache yaliyovunjika yalipoguswa.

"Kulikoni, Wifi?" mkuu aliuliza.

"Nimekosea mahali, mkuu. Sijui wapi."

Ufunguo ukatua kwenye kiganja cha Saa. Mkuu alipoondoka, wifi alimkumbatia, akampongeza kwa dhati, kisha akauliza taratibu, "Ni yale maji yenye ukungu, eti? Nilidhani ni uchafu, lakini roho ilisita. Nikakutazama. Nilipoona umenyamaza nikasema, kama ningekuwa nakosea, wifi yangu angeniambia."

"Sikuona," Saa alisema. "Nilikuwa na kazi zangu."

Wifi hakukasirika, hakulia. Aliinama akachukua ndoo chini ya meza.

"Unakwenda wapi?"

"Kuleta barafu, wifi," alisema, akatoka.

Siku hiyo hapakuwa na kitu cha kupoza.