Ekzosi ya Kusikilizwa Jikoni

Mimi nikiachiwa nichague ekzosi, nachagua inayonguruma. Nasema mapema ili msomaji asinitegemee kwa busara. Napenda gari likipita watu wageuke na vioo vya maduka vitetemeke kidogo. Kwa hiyo siku ekzosi ya pikapu yetu ilipokatika kwenye mawe, nilisikitika kwa mdomo tu. Moyoni nilishaanza safari ya Makambako kwa fundi wetu.

Pikapu ni ya mke wangu. Mimi ni dereva, yeye ndiye mwenye biashara. Kila alfajiri tunazunguka vijiji vya nje ya Njombe mjini tukikusanya maziwa kwa wafugaji. Yeye anapima, mimi napakia keni nyuma. Ukungu wa huku unaweza kumficha ng'ombe aliyesimama mbele ya boneti, kwa hiyo watu hawatutazami, wanatusikiliza. Ekzosi ya zamani ilikuwa imetoboka na ilikohoa kwa namna yake yenyewe. Wakiisikia inapanda kilima, wanatoka na ndoo zao.

Kati yao yupo bibi mmoja mjane mwenye ng'ombe mmoja. Nyumba yake iko bondeni, na njia ya kupanda hadi barabarani ni ndefu kwa magoti yake. Simu anayo, ila mtandao anaupata akishafika juu, yaani akishatukuta. Alikuwa akitusikia tunavuka daraja la magogo ndipo anainuka jikoni, na tunafika kwenye kona yake pamoja.

Pikapu ilipolala uani tuliazima kigari cha shemeji, kigari cha kistaarabu kisichotoa hata mguno. Asubuhi ya kwanza bibi hakutusikia, na maziwa yake yakabaki. Tangu hapo akawa anatangulia barabarani kukiwa bado giza, asije akaachwa tena. Nilipompa mkono kumsalimia, wake ulikuwa wa baridi kama bomba la maji, na alikohoa kwanza ndipo akajibu. Mke wangu akavua kitenge chake akamfunga mabegani. Tulipoondoka nikasema nitakuwa napiga honi.

Mke wangu akanigeukia. "Umpigie honi bibi wa watu kama mbuzi aliyelala barabarani?"

Habari ya honi ikaishia hapo.

Tukafunga mabaki ya ekzosi kwa waya, tukaiendesha pikapu hadi Makambako ikipiga kelele njia nzima. Nilifurahi sana, mke wangu aliziba masikio. Fundi wetu ana uwanja wake nyuma ya barabara kuu, jirani na watu wa mbao. Alitutolea ekzosi tatu akasema atazishika kwa klampu tu kwanza, tukiridhika ndipo achomelee.

Ya kwanza ilikuwa pana, mdomo unang'aa. Nilikanyaga mafuta, na raha niliyoipata sitaificha. Nikageuka nione mke wangu naye amefurahi kiasi gani, simwoni. Alikuwa ameshakwenda mbali, nyuma ya marundo ya mbao, ametupa mgongo na kujifunika khanga kichwani. Nilidhani ananionea aibu. Kumbe alinipungia mkono niende mpaka mwisho wa barabara, nirudi.

Niliporudi alisema, "Tunapita watu wakiwa wanakamua. Ng'ombe akisikia hiyo anapiga teke ndoo. Itoe."

Ya pili fundi aliisifia mwenyewe. "Hii mama, hata mtoto mchanga haamki." Tukaizungusha barabara yote, tukasimama karibu na zile mbao. Mke wangu, bado katupa mgongo, akapaza sauti: "Mbona hamwondoki?"

Ya tatu ilikuwa ya mtumba, imetoka kwenye kilori, sailensa yake nene, ina kutu na haina umbo. Nilimwomba Mungu aikatae. Alinipitisha mara ya kwanza, akanipitisha tena, kisha akanipandisha kilima kilichokuwa mwisho wa barabara, yeye amekaa juu ya gogo amefumba macho. Sauti ya ekzosi hiyo ilikuwa nzito na ya polepole, haigombani na mtu.

"Hiyo," akasema.

Nilinuna, lakini hapo hapo nikaelewa alichokuwa anafanya. Miaka yote mimi nimeisikia ekzosi nikiwa nimeikalia. Yeye alikwenda kuisikia akiwa mahali pa mtu anayesubiri. Nilimpenda upya pale pale, vumbi la mbao likimjaa kwenye khanga, na nikaendelea kununa ili asijue.

Jioni, tukirudi, aliniomba nimshushe kwenye kona ya bibi. "Wewe nenda nyumbani ukawape watoto chakula. Asubuhi utanikuta huku." Nikajua kachoka na manung'uniko yangu, kaenda kupumzika kwa watu wazima wenzake.

Alfajiri nikatoka peke yangu. Geti la kwanza, hakuna mtu. La pili, hakuna mtu. Nilishuka kubisha hodi, na mwenye nyumba akatoka anashangaa: "Kumbe ni wewe! Tumesikia gari la kigeni." Tulichagua sauti nzuri, tukasahau kwamba hakuna anayeijua. Nikavuka daraja la magogo nikijipanga kushuka bondeni kwa miguu kumfuata bibi.

Kwenye kona nikawaona wawili wanatokea ukunguni. Mke wangu kabeba ndoo, bibi kamshika bega, na wote wanacheka.

"Kamwene, bibi," nikamsalimia.

"Kamwene, mjukuu wangu. Mke wako huyu ana wazimu. Jana jioni nzima ananiigizia gari lenu kwa mdomo, mpaka nikamwambia basi, nimelishika." Akavimbisha mashavu akaitoa ile sauti, nzito na ya polepole, haikukosewa hata kidogo. Mke wangu akatazama pembeni kwa haya.

Nilitaka kumwambia ninavyomwona. Nikasema tu ekzosi si mbaya, na yeye akaniambia nipakie maziwa.

Kesho yake mke wangu alikuwa kando yangu garini, ametulia kuliko kawaida. Tulivuka daraja la magogo. Kwenye kona bibi alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kupanda, peke yake, ndoo mkononi. Nilishuka nikampa mkono kumsalimia, na wake ulikuwa bado una joto la moto wa jikoni.