Simu Isiyovunjika na Mama wa Machimbo Aliyetaka Ivunjike

Saa nne kasoro dakika sita asubuhi. Chini kabisa ya shimo la machimbo ya mawe, mwanamke mwenye kofia ngumu ya njano amesimama juu ya jabali, mkono mmoja mfukoni. Kila mfanyakazi anayempita kupanda juu, kokoto moja inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto.

"Ishirini na tisa. Haya Profesa, kaza mwendo, hatumpeleki bibi harusi hapa!"

"Dada, nimebeba nyundo, sikubeba mabawa," anajibu mpasua mawe mmoja mrefu, miwani imeshikiliwa na uzi. Wenzake wanaangua kicheko, lakini miguu wanaiongeza. Hakuna anayechelewa kwa raha zake saa hii.

Thelathini. Thelathini na moja. Mfuko wa kulia umebaki na vumbi tu.

Kwenye ukuta wa jabali nyuma yake kuna matundu kumi na manne yaliyoshindiliwa baruti. Nyuma ya kona, mahali ambapo shimo halionekani, mlipuaji ameketi ndani ya kibanda cha zege akisubiri neno moja tu.

Mama huyu anatoa simu nene, nyeusi, yenye mpira pembeni na vitufe vya herufi chini ya kioo. Haitazami. Macho yameganda shimoni huku vidole gumba viwili vikitembea vyenyewe: TAYARI 31. Anabonyeza kutuma.

Ni siku ya nne ya majaribio. Kesho, Ijumaa, meneja anataka jibu, na jibu hilo ndilo litakaloamua kama mama huyu atabaki mlinzi wa mlipuko au atarudi kukaa chini kuponda kokoto.

Hapa machimboni humsikii mtu akimwita kwa jina. Ni Firimbi, basi. Ana miaka arobaini na minne. Kumi na mmoja kati ya hiyo aliimalizia kwenye kokoto, ameketi juu ya gunia, nyundo mkono huu, jiwe mkono ule, jua utosini. Miaka saba iliyopita alipewa ulinzi, baada ya kumvuta mtu kwa mguu kutoka shimoni dakika moja kabla ya mlipuko, bila kutumwa na yeyote.

Kazi yenyewe ukiieleza ni fupi: kuhakikisha hakuna roho iliyobaki shimoni, kisha kumwambia mlipuaji. Kipato chake ni karibu mara mbili ya mponda kokoto, na mgongo unalala usiku.

"Kokoto nilishazipa ujana wangu," anasema. "Uzee sizipi. Zitafute mwingine."

Zamani alipuliza firimbi mara tatu na mambo yakaisha. Lakini mlipuaji, ambaye wote wanamwita Mzee Baruti, amelipua majabali miaka ishirini na sita, na masikio yake yamekwenda na mawe.

"Mke wangu anasema ndiyo siri ya ndoa yetu kudumu," Mzee hutania kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo wakabuni njia nyingine: Mzee anatoka kibandani, anatembea hadi kwenye kona, anaiona bendera nyekundu ya Firimbi kwa macho yake, kisha anarudi. Dakika tisa kwenda na kurudi, kwa miguu ya mzee. Meneja, kijana mwenye saa kubwa mkononi, dakika hizo zilikuwa zikimwasha kama upupu.

Akaleta kwanza simu ya kioo kitupu. Firimbi akaigusa, ikanyamaza. Akaisugua, ikanyamaza. Akaipigapiga kama anayebisha hodi. Kumbe kokoto za miaka kumi na mmoja zilishamfuta ncha za vidole, zimekuwa laini na kavu kama kisigino. Hata alipokwenda kuchukua kitambulisho, mashine ilikataa alama zake, na karani akamwambia arudi baada ya wiki mbili, avipumzishe vidole.

"Nikamwuliza, mwanangu, nivipumzishe nani atapika? Akacheka, lakini kitambulisho hakunipa."

Simu ile ikarudi dukani. Meneja hakukata tamaa. Jumatatu alikuja na mbili za vitufe, moja ya Firimbi, moja ya Mzee Baruti, ambaye kusoma anasoma vizuri, kusikia ndiyo shida.

"Hii haivunjiki, haiingii maji, haiogopi vumbi," alitangaza. "Wiki moja. Ijumaa nataka kujua simu inafaa au haifai, na wewe mama unaiweza au huiwezi. Ukishindwa sina la kufanya, nitatafuta kijana wa shule. Kokoto zipo."

Firimbi aliipeleka nyumbani jioni ile kama mtu aliyebeba yai, na nyumba yake si ya siri. Wanaishi saba vyumba vitatu, na majirani wawili ambao hakuna anayejua huwa wanaondoka saa ngapi.

Wifi yake ndiye aliyeipokea wa kwanza, akaipima uzito mkononi. "Wifi, hii ni simu au tofali? Umeanza kujenga bila kutuambia?"

"Tofali lenyewe linaandika. Wewe unaandika nini, zaidi ya umbea?"

"Umbea wangu hauhitaji chaji, mama!"

Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Mama mkwe akainusa, akasema inanuka tairi. Kisha ikamponyoka, ikadunda sakafuni mara mbili. Firimbi akaiokota. Haikuwa na hata mkwaruzo. Mama mkwe akashusha pumzi: "Afadhali. Nilishaanza kutafuta pa kuhamia."

Kilichomshangaza Firimbi ni vitufe. Kila herufi ina kitufe chake, kimeinuka kidogo, na ukikibonyeza kinakujibu kwa mlio mdogo chini ya kidole. Hakikuuliza kama ncha ya kidole ni laini au kavu. Kilitaka nguvu, na nguvu anazo.

Binti yake wa kidato cha pili akamwonyesha vitufe viwili vyenye kinundu cha kupapasa, akamwambia aweke vidole hapo ndipo aanze safari. Siku tatu mfululizo Firimbi aliandika simu ikiwa chini ya aproni, bila kuiona, huku maharage yakichemka. TAYARI. SIMAMA. TAYARI. SIMAMA. Binti alikuwa akichungulia na kusahihisha.

"Mama, umeandika TAYARO."

"Basi huyo Tayaro akae pembeni, tunaanza upya."

Akafundishwa na jambo moja la mwisho: meseji ikifika, simu inatetemeka mara moja. Isipotetemeka, bado iko njiani. Kasoro ni kwamba shimoni mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Jumatatu, Jumanne na Jumatano ulikuwapo, simu ikatetemeka papo hapo, na mawe yakaruka kwa wakati wake. Meneja akaanza kutembea akipiga mluzi.

Ndipo tunarudi kwenye ile Alhamisi.

Firimbi amebonyeza kutuma. Anasubiri simu itetemeke. Haitetemeki. Anahesabu moyoni: kumi, ishirini. Macho bado yako shimoni, na kwa sababu yako shimoni, yanaona mtu.

Ni Profesa. Amezunguka kwa njia ya malori upande wa pili na anashuka mbio kuelekea ukuta wenye baruti. Chini ya ukuta, kwenye kivuli, iko chupa yake ya chai.

"Hesabu yangu haikuwa na kosa," anasimulia Firimbi. "Thelathini na moja wametoka, kweli. Lakini sasa mmoja ameingia, na neno langu limeshatoka mdomoni, liko hewani, sijui liko wapi."

Anapuliza firimbi. Profesa anageuka, anamwona, anainua mkono kama anayesema nakuja, na anaendelea kushuka. Firimbi anaandika SIMAMA, anatuma. Kisha akili inamgonga: meseji ziko kwenye foleni. Mtandao ukirudi, TAYARI itatangulia, na Mzee hachelewi. Akilisoma neno hilo, kidole kinashuka.

Anakumbuka kuzima. Anabonyeza kitufe cha ubavuni, simu inamwuliza kwenye kioo kama kweli anataka kuizima. Jibu linatakiwa liguswe kwenye kioo. Anagusa. Kioo kinamtazama. Anasugua kidole kwenye nguo, anagusa tena. Hakuna.

"Pale nilitukana," anakiri. "Usiandike nilitukana nini."

Basi akaamua kuivunja. Akaipiga juu ya jabali kwa nguvu zote za miaka kumi na mmoja ya nyundo. Ikadunda. Akaiokota, akaipiga tena, kona ya jabali ikamomonyoka, simu ikabaki inawaka, sehemu ya mtandao imeanza kuonyesha kijistari kimoja.

Hatua nane kutoka pale kuna pipa la chuma, maji yake ni ya kunyunyizia vumbi. Firimbi aliruka kwa hatua ambazo hata yeye hazijui, akaitumbukiza simu, ikazama hadi chini.

Hakungoja kuona kama imekufa. Alimfokea Profesa kwa sauti iliyosikika hadi kwenye kinu cha kusaga mawe: "Toka, wewe! Watoto wako watakunywa hiyo chai kwenye matanga yako!" Profesa safari hii alielewa. Chupa aliiacha.

Firimbi akapanda kilima mbio, bendera nyekundu mkononi, hadi kwenye kibanda cha zege. Mzee Baruti alikuwa ameketi, simu kwenye goti, ufunguo umeshachomekwa kwenye mashine ya kulipulia, kidole kando ya kitufe.

"Binti yangu, mbona leo hujaniandikia?" akauliza.

Firimbi aliuchomoa ufunguo kwenye mashine, akaufumbata, ndipo akaketi chini.

Meneja alifika shimoni akihema, amekunja uso. Mlipuko umechelewa, lori zimepanga foleni, na amesikia mali ya majaribio imetupwa majini. Aliingiza mkono kwenye pipa hadi begani, akaivuta simu, akapanda nayo hadi kibandani kwa Firimbi. Ilikuwa inawaka, maji yanachuruzika kwenye vitufe.

"Nimekupa kitu cha kisasa, mama, unakifanya sabuni!" akaanza. "Kesho asubuhi nakuta..."

Hakumaliza. Simu ilitetemeka mkononi mwake. Mara moja.

Papo hapo, kwenye goti la Mzee Baruti, simu ya pili ikawaka. Mzee akavaa miwani, akasoma, akainyoosha mbele ili kila aliyefika aone. TAYARI 31. Zilikuwa zimepita dakika kumi na tisa, na SIMAMA bado ilikuwa njiani. Profesa, ambaye alikuwa amesimama hapo na mikono mitupu, alitafuta jiwe akakaa.

Mzee aliitazama nafasi ya ufunguo kwenye mashine yake, tupu, kisha akautazama mkono wa Firimbi uliofumbwa. "Huo ukae huko huko," alisema.

Usiku ule Firimbi aliukataa umbea wa baada ya chakula, jambo lililomtia wifi yake hofu kuliko mlipuko wenyewe. Aliketi pembeni ya meza, akaandika maoni yake kwa vidole gumba viwili, kwenye simu ile ile. Ijumaa saa mbili alimpa meneja asome. Ilikuwa barua ya kwanza aliyoandika tangu aache shule darasa la nne.

Aliandika kwamba simu ni nzuri. Vitufe vyake vinamtii, na kama ingekuwa ya kioo kitupu angekuwa ameinamia kioo, asingemwona Profesa. Haivunjiki, hilo analishuhudia. Lakini neno linaloweza kukwama njiani lisiruhusiwe kuua mtu. Itumike kutuma idadi ya waliotoka na kuita gari la wagonjwa. Ufunguo wa mashine ukae shingoni mwa mlinzi, ambaye ataupeleka kibandani kwa miguu yake mwenyewe.

"Meseji inaweza kufika bila mimi," aliandika. "Ufunguo hauwezi."

Meneja alisoma mara mbili. Akauliza itachukua muda gani. Firimbi akamwambia dakika nne, miguu yake si ya Mzee. Meneja akaitazama saa yake kubwa, kisha akamtazama Profesa aliyekuwa akipita dirishani, mzima, anabishana na mtu.

"Nne sawa," akasema. "Kokoto tutazitafutia mwingine."

Tangu siku hiyo hakuna jiwe linalopasuka mpaka Firimbi aonekane akipanda kilima. Meneja pia ameweka mtu kwenye njia ya malori. Profesa anazungumza na Firimbi kwa heshima ya kupitiliza, na anamwita Shangazi, ingawa amemzidi umri.

Lakini mama huyu ana mpango mwingine. Mzee Baruti anastaafu mwakani, na mtihani wa leseni ya ulipuaji uko miezi mitano mbele. Kila jioni binti yake anamsomea kijitabu cha kanuni kwa sauti, yeye anaandika majibu kwa vitufe, wifi yake akidakia majibu ambayo hayamo kitabuni. Kwenye jaribio la wiki iliyopita alipata kumi na saba kati ya thelathini. Anahitaji ishirini na moja.

"Miaka saba nimewatoa watu ili mwingine abonyeze," anasema, akiusukuma ufunguo ndani ya kola. "Sasa nataka kubonyeza mwenyewe. Maana aliyewatazama usoni wakitoka, kidole chake hakina haraka."