Mashine ya Michezo na Picha za Baba

Nilikuwa nasubiri simu yangu kwa fundi mmoja hapa Kamina, mke wa askari akaingia kuchukua kompyuta ya zamani ya mumewe, aliye kazini mbali. Mama huyo alikuwa ameomba igeuzwe mashine ya michezo ya watoto, maana ya dukani ni ghali.

Fundi akasema, "Niliweka sistemi ya michezo ya bure, mama. Kila muntu anaruhusiwa kuitumia."

Mama akashika kifua. "Na mafoto ya baba batoto? Ulifuta?"

"Hapana. Sistemi iko huku." Akagusa flashi iliyochomekwa ubavuni. "Mu mashini yenyewe sikugusa kitu."

Akamfungulia picha moja ya mumewe. Mama akaitazama, akashusha pumzi, akavuta kiti.

"Basi unifundishe kucheza."

Nilipoondoka alikuwa bado anacheza. Watoto wake sijui watapata zamu lini.